Mwenye Lugha Mbili na Safari ya Kazi

Katika mambo yanayowashughulisha vijana waliosoma, na kuwakosesha usingizi wazee wao, ni hili la mtu kupewa kazi ya Serikali mbali na kwao. Na jambo hili huzidi uzito pale kazi yenyewe inapokuwa ni ya lugha mbili, yaani ukalimani au ufasiri, kwani kazi hiyo si sawa na kazi nyingine. Mwenye kuhesabu fedha akikosea, hesabu hurudiwa na kosa likaonekana. Ama mwenye kufasiri maneno baina ya watu wawili wasiosikilizana, akipunguza au akizidisha, hapana ajuaye illa yeye na Mola wake.

Na uwekwe mfano, nao ni mfano unaofanana na khabari za wengi. Kijana wa Sikonge, huko kiasi cha kilomita 70 kusini ya Tabora, amesoma mpaka chuo kikuu. Anakijua Kiingereza na Kiswahili, na kabla ya hivyo viwili anakijua Kinyamwezi alichokinyonya pamoja na maziwa. Babaye amekwisha kufa. Mamaye hulima karanga na mahindi, na kipande cha tumbaku, katika kijiji kilicho kando ya njia iendayo Mpanda. Kiswahili cha sokoni mama huyo anakijua. Lakini Kiswahili cha barua, cha mkataba na cha daktari hakimfikii. Basi tangu kijana alipokuwa na umri wa miaka kumi, yeye ndiye ulimi wa mamaye. Majani ya tumbaku yanapopangwa madaraja, na bei ikatajwa kwa dola, yeye ndiye amwambiaye mama amepata nini na amekatwa nini. Wakenda hospitali, daktari huuliza kwa Kiswahili, mama hujibu kwa Kinyamwezi, na kijana husimama katikati.

Siku moja inakuja barua. Ofisi ya Serikali iliyoko Dodoma inamtaka awe mfasiri wa sheria na nyaraka, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, naye afike kazini katika muda wa siku kumi na nne. Aende au asiende?

Katika baraza jawabu huwa mbili, na kila moja hutolewa kwa sauti kubwa. Wa kwanza husema: rizki imekuja mlangoni, na mwenye kuirudisha rizki huitafuta tena asiipate. Wa pili husema: mama ni mmoja, na kazi ni nyingi. Maneno haya yote yana haki ndani yake, lakini wote wawili wanapima kwa mizani isiyokuwa yake. Huyu ameweka mshahara upande mmoja na woga wa umasikini upande wa pili. Na yule ameweka mapenzi upande mmoja na woga wa lawama za jirani upande wa pili. Hapana hata mmoja aliyeuliza ile kazi ni kazi gani, na yule mama atapungukiwa na kitu gani.

Watu wa Unyamwezi si watu wa kufundishwa safari. Zamani za misafara, njia kuu ya bara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ndiyo Tabora, kisha ikaendelea Ujiji penye ziwa. Wapagazi walio wengi katika njia hiyo walikuwa ni Wanyamwezi. Mtu huchukua mzigo wa frasila mbili begani, akenda miezi kwa miezi. Na kijana ambaye hajapata kuiona pwani alikuwa hajahesabiwa kuwa mtu mzima baina ya wenziwe. Na hiyo nchi ya Ugogo, ambayo wapagazi waliipita kwa kiu na kwa kulipa hongo, ndiko uliko mji wa Dodoma. Kwa hiyo kijana wa Sikonge anayekwenda Dodoma hatoki nje ya njia ya babu zake, bali anaifuata hiyohiyo; nao waliikata kwa miguu, na yeye ataikata kwa gari katika siku moja.

Lakini iko tofauti ambayo wasifu wa safari huisahau. Wapagazi wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na nia yao ni kurudi mvua zikianza, wapate kulima. Safari yao ilikuwa na mlango wa kutokea na mlango wa kurudia, na mwenye kubaki nyumbani alijua takriban mwezi gani atazame njia. Kazi ya Serikali haifuati mvua. Likizo yake ni siku 28 katika mwaka, na siku hizo hutolewa kwa ratiba ya ofisi, siyo kwa ratiba ya shamba. Basi asemaye kwamba kwenda kazini Dodoma ni kama safari ya wapagazi amesema nusu ya kweli.

Na khabari ya ukalimani nayo ina mizizi Tabora. Mwaka 1857 walifika Unyanyembe Waingereza wawili, Burton na Speke, wakitafuta maziwa ya bara. Burton alikuwa hodari wa Kiarabu, akakaa na Waarabu wa pale akizungumza nao bila ya mtu wa kati. Speke hakukijua Kiarabu wala Kiswahili. Ulimi wake ulikuwa ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao, aliyechukuliwa utumwani utotoni akapelekwa Bara Hindi, na huko akajifunza Kihindustani. Na Speke naye alikuwa na Kihindustani chake cha jeshini. Mwaka 1858 Speke alimwacha mwenziwe Tabora, akaenda kaskazini, akaliona ziwa kubwa, akarudi akisema ya kuwa ndilo chimbuko la mto Nile. Burton hakukubali, na moja katika hoja zake ilikuwa hii: khabari za ukubwa wa ziwa zilipita katika vinywa vingi, kutoka lugha ya wenyeji mpaka Kiswahili, na kutoka Kiswahili mpaka Kihindustani kibovu, kabla ya kumfikia Speke. Ugomvi huo uliwafarikisha wale wawili mpaka Speke alipokufa mwaka 1864. Kwa jambo la ziwa Speke ndiye aliyepatia. Lakini shaka ya Burton haikuwa ya kipumbavu, kwani khabari iliyopita kwa mkalimani mmoja tu haina wa kuishuhudia. Na katika ubishi wote ule wa mabwana wakubwa, yule mtu mmoja aliyezisikia pande zote mbili hakuitwa akaulizwa.

Wajerumani walipotawala walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya ofisi zao bara na pwani, na makarani waliosomeshwa Tanga walipelekwa vituo vya mbali wasikokuwa na ndugu. Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo, wakiongeza Kiingereza juu. Karani alikaa miaka miwili hapa, mitatu kule, na hakuulizwa kama ana mama. Ilikuwa katika hali hiyo ya watu waliohamishwa ndipo makarani wa Tanga, akiwamo Martin Kayamba, walipounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mwaka 1922. Mtu aliyetolewa kwao hutafuta ndugu popote alipo, na nchi hii imepata faida katika jambo hilo. Wazee walioachwa vijijini waliilipa faida hiyo kwa upweke, na malipo yao hayakuandikwa katika daftari lolote.

Sasa iangaliwe kazi yenyewe. Kwa miaka mingi baada ya uhuru sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza. Katika mahakama za mwanzo watu walisema Kiswahili, lakini kesi ikipanda juu, kumbukumbu na hukumu ziligeuka zikawa za Kiingereza, na mwenye haki akawa hawezi kuisoma haki yake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo la kheri. Lakini sheria kuamuru si sawa na kazi kumalizika. Vitabu vya sheria ni vingi, na kila neno lataka mtu anayejua lugha mbili barabara, na ambaye hatafuti njia ya mkato. Neno moja likifasiriwa kwa uvivu, mjane mmoja mahali fulani atapoteza shamba lake, na hatajua ni nani aliyempokonya.

Kwa hiyo haifai kusema ya kuwa kijana yule akenda Dodoma anakwenda kutafuta dunia tu. Yaweza kuwa anakwenda kuwafanyia maelfu ya akina mama kazi ileile aliyomfanyia mamaye sokoni. Wala mshahara hauiharibu kazi hiyo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Abu Jamra alikuwa akifasiri baina ya Ibn Abbas na watu, na Ibn Abbas akamtaka akae kwake ili amwekee fungu katika mali yake, naye akakaa kiasi cha miezi miwili. Wanavyuoni wengine wamesema kufasiri huko kulikuwa ni kutoka Kiajemi, na wengine wakasema alikuwa akiwafikishia maneno walio mbali. Vyovyote vilivyokuwa, alihama mahali pake kwa ajili ya kazi ya ulimi, na akalipwa, na hapana aliyemlaumu. Na kabla yake Zaid bin Thabit, kijana wa Madina, aliamrishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, ajifunze maandiko ya Mayahudi, kwa sababu barua zilikuwa zikija na kwenda, na mkono wa mwandishi wa watu wengine hauaminiwi kwa kila jambo. Akajifunza katika muda wa kiasi cha nusu mwezi. Katika kisa cha Zaid watu hustaajabia wepesi wa akili yake. Linalostahiki kutazamwa zaidi ni sababu ya kuchaguliwa kwake, kwani lugha waliijua wengine vilevile; kilichotafutwa ni mtu wa kuaminiwa.

Akiuliza muulizaji: na Uwais al-Qarani je? Si yeye aliyebaki Yemen kwa ajili ya kumtumikia mamaye, akakosa kumwona Mtume kwa macho, na juu ya hayo akasifiwa? Hujibiwa: ndivyo, na kisa hicho ni hoja nzito, wala haifai kukipita kwa haraka. Ikiwa kukosa kumwona Mtume kulisamehewa kwa ajili ya mama, basi kukosa ofisi ya Dodoma ni jambo jepesi zaidi mara nyingi. Lakini wanaokisoma kisa hicho huishia katikati. Uwais hakubaki Yemen umri wake wote. Alikutana na Sayyidna Umar katika watu waliokuja kutoka Yemen, na safari yake ilikuwa ya Kufa. Umar akataka kumwandikia barua kwa liwali wa Kufa, naye akakataa, akapenda zaidi kuwa miongoni mwa watu wasiojulikana. Basi kisa cha Uwais hakimwambii kila mwenye mama asisafiri. Kinamwambia aangalie wakati, na aangalie anachokifuata. Kijana wa Sikonge akitaka kujua nafsi yake inafuata nini, na ajiulize kama angekwenda Dodoma lau kazi ileile ingekuwa haina cheo wala watu wa kumwita mheshimiwa.

Wako wasemao: na amchukue mama, kama Nabii Yusuf alivyowaleta wazee wake Misri. Shauri hili linapendeza kwa mbali. Lakini wazee wa Yusuf walikuja wakati wa njaa, wakaja na ukoo mzima, wakakuta mtoto ana hazina ya nchi mkononi. Mama wa Sikonge ataletwa peke yake katika vyumba viwili vya kupanga, jirani zake hawajui lugha yake, na mlango umefungwa tangu asubuhi hata jioni, mwanawe yuko ofisini. Shamba lake litaota majani, na mizinga yake ya nyuki katika mwitu itarithiwa na mtu mwingine. Mwanamke aliyekuwa bibi wa nyumba yake atakuwa mgeni anayengoja chakula cha jioni. Wako wanaofurahi kwa maisha hayo, nao ni wachache.

Na wako wasemao: atampelekea fedha. Fedha siku hizi hufika kwa simu kabla ya salamu. Hapana shaka fedha zitanunua mbolea, na zitalipa kibarua wa kuchuma majani ya tumbaku. Walakini fedha hazifasiri. Mama hakuwa akimhitaji mwanawe kwa sababu ya shilingi. Alikuwa akimhitaji kwa sababu ya maneno. Akijibiwa ya kuwa simu hiyohiyo yaweza kuchukua na maneno, kijana akafasiri kutoka Dodoma, jawabu hiyo ni ya kweli kwa siku chache, na kila mwenye kuijaribu amejua mwisho wake. Siku ya soko la tumbaku hapana mtu atakayesimamisha mizani angoje mfasiri apokee simu. Na hospitalini, mgonjwa akisema kitu kwa mdomo na uso wake ukasema kingine, mfasiri aliye mbali ameusikia mdomo tu.

Kwa hivyo haki ya mama huyu, ukiondoa yale mapenzi ambayo hayapimiki, ni haki ya kufahamishwa: asiachwe katikati ya mikataba na dawa kama mtu kiziwi. Haki hiyo yaweza kutimizwa na mtu mwingine aliye mwaminifu, nayo yaweza kukosa wa kuitimiza. Ikikosa mtu kabisa, na mama ni mgonjwa, kijana asiende. Na akibaki asijione shujaa, kwani amelipa deni tu. Ikipatikana njia, na mama akaridhika, basi aende.

Lakini kuridhika kwa mama ndiko penye mtego, na mtego huo wamenasa watu wazuri. Barua ile imeandikwa kwa lugha ambayo mama haisomi. Ni nani atakayemsomea? Ni yuleyule kijana. Yeye ndiye mdai, yeye ndiye shahidi, na yeye ndiye mkalimani. Wala hana haja ya kusema uongo hata neno moja. Atasema, “Mayu, Serikali imeniita,” na neno kuita litafanya kazi yake, mama aone ya kuwa hapana kukataa. Atataja mshahara kwanza, na likizo baadaye. Atazitaja siku 28 kama kwamba ni nyingi. Na sentensi ile iliyo chini, isemayo ya kuwa mtumishi atafanya kazi katika kituo chochote cha Jamhuri ya Muungano atakachopangiwa, ataipita kama mtu anavyopita juu ya shimo dogo njiani. Mama atasema, “Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie.” Naye atakwenda, na miaka yote atawaambia watu ya kuwa mama alimpa rukhsa. Lakini rukhsa hiyo ilitolewa kwa barua nyingine, barua ambayo haikuandikwa na ofisi yoyote.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema ya kuwa mfasiri mbele ya kadhi ni kama shahidi, kwa hiyo hatoshi mmoja, watakikana wawili. Na Abu Hanifa amesema mmoja mwaminifu atosha. Hitilafu hiyo ina nafasi yake. Lakini hapana katika wote aliyekubali mtu ajishuhudie mwenyewe katika haki yake. Na huyu kijana anakwenda kuajiriwa kwa sababu ya uaminifu wa kalamu yake. Kabla ya sheria yoyote ya Bunge, maneno ya kwanza anayotakiwa kuyafasiri kwa amana ni maneno ya barua yake mwenyewe, na msikilizaji wake hana njia ya kumgundua. Akiweza kumpunguzia mamaye sentensi moja kwa sababu ya mapenzi, ni kitu gani kitakachomzuia kumpunguzia mjane asiyemjua?

Dawa yake si ngumu, ila inauma kidogo. Na aiweke barua mkononi mwa mtu mwingine. Binti wa mjombaye, asomaye sekondari, anajua Kiswahili cha barua na Kinyamwezi cha nyumbani. Aketi yeye jikoni pamoja na mama, asome kila sentensi, aifasiri, na kijana akae kando bila ya kutia neno. Binti hana faida katika safari wala hasara, na kwa ujana wake hajui ni sentensi gani ya kuipita.

Basi atasoma. Atafika kwenye mshahara, na mama ataitikia. Atafika kwenye zile siku 28, na mama atahesabu kwa vidole, kisha ataacha kuhesabu. Atafika kwenye kituo chochote cha Jamhuri ya Muungano, na hapo mama atamwambia arudie. Atarudia. Mama atauliza kama Jamhuri ya Muungano inafika mpaka wapi, na binti atamtajia: Mtwara, Kagera, Pemba. Mama hatamtazama mwanawe. Atachochea moto, anyamaze muda, kisha atamgeukia yule binti na kumwuliza kama soko la tumbaku likifunguliwa yeye atakuwa shuleni au atakuwa nyumbani.